Wanyama wa Mawe wa Wazuni

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwapeleka mbali, hata magharibi ya jimbo la New Mexico katika nchi ya Marekani. Huko, katika nchi kavu, hukaa Wazuni, wenyeji wa asili na wakulima wa mahindi, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwao huchongwa wanyama wadogo wa mawe, watoshao kiganjani.

Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tukisikia habari kama hizi, neno "sanamu" hutujia kinywani upesi. Wazungu nao waliwaita wanyama hao kwa neno lenye asili ya Kireno, ambalo mabaharia wa Ureno walilitumia zamani katika pwani ya Afrika ya Magharibi, kwa maana ya uchawi. Hivyo vitu vya Wazuni vilibandikwa jina lililotoka ng'ambo ya bahari. Wao wenyewe huwaita wemawe. Je, tuseme ni hirizi? Haielekei, kwani hirizi yetu huwa na maandiko ndani, na hapa nguvu yasemekana kuwa katika pumzi.

Frank Hamilton Cushing, aliyekaa kwao tangu 1879 hata 1884, alieleza hadithi yao katika maandishi yaliyochapwa mwaka 1883. Hapo kale ardhi ilikuwa laini na yenye maji, na wanyama wakali waliwaangamiza watu. Pacha wawili, wana wa Jua, wakaikausha nchi kwa moto wa umeme, wakawapiga wanyama wale wakawa mawe. Walakini mioyo yao ikabaki hai ndani, ili iwafae wanadamu. Kwa hiyo jiwe lililofanana na mnyama kwa asili yake, pasipo kuguswa sana na mkono wa fundi, lilithaminiwa kuliko yote.

Kila upande una mlinzi wake na rangi yake. Kaskazini ni simba wa milimani, wa manjano. Magharibi dubu, wa buluu. Kusini mnyama mchimbaji afananaye na nyegere, mwekundu. Mashariki mbwa-mwitu, mweupe. Juu tai, wa rangi nyingi. Na chini fuko, mweusi. Mgongoni pengine hufungwa ncha ya mshale ya jiwe, pamoja na feruzi au marijani.

Mwindaji alikwenda na mnyama wake porini. Alipoona nyayo za paa alimweka mdomoni, akavuta pumzi yake, kisha akaipuliza kuelekea windo ili lilegee. Akiisha kuua, alimchovya mnyama wa jiwe katika damu ya moyo, ndiyo sehemu yake ya chakula. Nyumbani alitunzwa katika chungu chenye tundu ubavuni, akalishwa unga wa mahindi.

Siku hizi jamaa nyingi za Wazuni hupata riziki kwa kuchonga wanyama wa kuuza. Hao ni kazi ya mkono tu, maana hawakubarikiwa kwa ibada. Mgeni anunuaye huondoka na jiwe zuri. Lakini wako waliobarikiwa ambao zamani walichukuliwa kwenda majumba ya makumbusho, wakawekwa kabatini nyuma ya kioo, miaka nenda miaka rudi, pasipo kupewa hata konzi moja ya unga.