Jiji la Dar es Salaam na Sanduku Letu
(Hotuba ya Kamati ya Mikopo, siku ya kutimiza miaka kumi)



Sisi wa kamati ya mikopo tumeombwa tuseme machache juu ya jiji la Dar es Salaam. Huenda wengine mnajiuliza, jiji linatuhusu nini sisi watu wa korosho na mbaazi? Jamani, linatuhusu sana. Watoto wetu wako kule, na sehemu ya fedha za sanduku hili iko kule pamoja nao.

Jiji lile halitulii. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Katika miaka ishirini tu wameongezeka zaidi ya mara mbili! Mbagala mnayoijua, walikojaa ndugu zetu wa kusini, leo ni nyumba juu ya nyumba. Tangu 2016 yapo mabasi ya mwendokasi yenye njia yake peke yake.

Na sisi tumesogea karibu nalo. Zamani, masika ikikolea, magari yalilala njiani yakisubiri pantoni ya Ndundu kuvuka Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, na lami ilipozidi kuungwa, safari ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Mgonjwa wa rufaa anawahi Muhimbili. Lakini barabara inayoleta bidhaa ndiyo hiyo hiyo inayobeba vijana.

Vijana wa kusini walitembeza bidhaa mjini mpaka jina la Wamachinga, watu wa Lindi, likawa jina la kila mchuuzi wa mitaani, hata awe Msukuma au Mchaga. Ni jina la heshima kwa anayejua jasho lake.

Mwaka 2010 lilikamilika jengo la Machinga Complex pale Ilala. Jengo zuri, lakini wateja walibaki Kariakoo, na vizimba vingi vilikaa miaka bila watu. Kisha Oktoba 2021 wachuuzi waliokuwa kando ya barabara walihamishwa kupelekwa maeneo yaliyopangwa. Hatukusimama hapa kulaumu mtu. Waenda kwa miguu nao wanahitaji njia. Ila anayeuza viatu penye mapito ya watu, ukimpeleka asikopita mtu, mtaji unakatika.

Ulipokatika kule, ukaumiza huku. Mwenzetu mmoja alikuwa amekopa kwa ajili ya biashara ya mwanawe. Marejesho yakasimama. Wengine wakasema asamehewe, wengine wakasema adaiwe kama watu wote. Na wanunuzi wa kangomba walikuwa wamekwisha piga hodi kwake, wanataka korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa.

Mtakumbuka tulikesha siku ile. Tukaamua deni libaki deni, lakini muda uongezwe mpaka fedha za mnada zitoke, na mfuko wa jamii umsaidie chakula. Hakuuza kangomba. Msimu ulipokwisha, alikuwa amemaliza kulipa, na mikorosho yake ipo.

Kwa hiyo, akina mama, kamati inaleta mapendekezo matatu. Kwanza, anayekopa kwa ajili ya mtoto aliye mjini aeleze biashara gani, mtaa gani, na kama mahali pale panaruhusiwa. Tusiridhike na neno "yuko Kariakoo". Kariakoo ni kubwa. Pili, mkopo wa namna hiyo usizidi hisa za mama mwenyewe mara mbili, ingawa mikopo mingine ni mara tatu. Tatu, mikorosho isiwekwe rehani kwa biashara ya mjini. Kwetu sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama. Huyo kijana akirudi mikono mitupu, atarudi kwa nani kama si kwetu? Basi akute shamba.

Wako watakaosema tunawabana vijana. La, hasha. Wapo waliofanikiwa, na fedha wanazotuma kwa simu zimesomesha wadogo zao na kuezeka bati. Tunataka waende, ila waende na mtaji ambao ukipotea hautaangusha nyumba ya mama.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura kwenye mkutano ujao. Someni, bisheni, mje na majibu.