Foleni ya Mafuta na Chungu cha Maharage



Mwezi Mei 2022, bei ya lita moja ya petroli nchini Burundi ilipanda kutoka faranga 2,700 hadi 3,250. Burundi haina bahari. Sehemu kubwa ya mafuta yake huletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Dola inapoadimika, chungu cha Kinanira nacho hutikisika.

Ndipo desturi za nyumbani zinapobadilika. Baba aliyezoea basi huenda mjini kwa miguu tangu alfajiri. Mama huloweka maharage usiku kucha yapate kuiva kwa makaa machache, na huyapika ya siku mbili kwa mara moja.

Askari anayelinda foleni ya mafuta naye ana mke anayeloweka maharage. Dumu moja analoliachia lipite mlango wa nyuma huuzwa kwa magendo. Nauli hupanda, bei ya unga hufuata, na hasara humrudia nyumbani kwake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Basi, kuilinda zamu ya mwananchi ni kukilinda chungu chako.