Je, Mabango ya Matangazo Kwenye Intaneti Yanafaa Kitu?

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lenye manufaa kwa wakubwa na wadogo. Nimechagua matangazo ya mabango, yaani zile picha za biashara zinazotokea juu, chini na kando ya kurasa za tovuti. Wakubwa miongoni mwetu, wenye mahema ya wageni karibu na Lango la Ikoma, wenye nyumba za kulala wageni Mugumu, au wenye kahawa ya kuuza kule Tarime, wanashawishiwa watoe fedha ili biashara zao zitangazwe huko. Wadogo nao, kila washikapo simu wakati wa likizo, ndio wanaotangaziwa. Mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa macho yake. Ni haki wote wawili wajue kinachopatikana.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa siku hizi wanasema: biashara ni matangazo. Semi hizi mbili zinapingana, wala haitoshi kila mtu kuchagua ile inayompendeza. Yafaa tupime.

Mabango ya kwanza ya namna hii yaliwekwa tarehe 27 Oktoba 1994 katika tovuti ya HotWired huko Marekani. Mojawapo lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T. Inaelezwa kwamba katika miezi ya mwanzo, watu 44 katika kila 100 waliolitazama walilibonyeza. Lilikuwa jambo geni, na jambo geni huvuta macho. Leo mabango mengi hubonyezwa na mtu mmoja tu katika kila 1,000, au pungufu ya hapo. Na miongoni mwa hao wachache wamo walioligusa kwa bahati mbaya, kwa kuwa kidole ni kikubwa na kioo cha simu ni kidogo.

Kuporomoka huku kuna sababu zake. Mwaka 1998, Jan Panero Benway na David Lane wa Chuo Kikuu cha Rice waliwapa watu kazi ya kutafuta habari fulani katika tovuti. Habari yenyewe ilikuwa ndani ya bango kubwa lililokusudiwa kuvuta macho. Wengi walilipita bila kuliona. Jicho la mwanadamu hujifunza haraka mahali pasipo na faida, kisha huparuka.

Basi, je, tuseme mabango hayafai kitu? Hapana, hatuwezi kusema hivyo upesi, kwa sababu kubonyeza si kipimo kizuri. Watafiti Randall Lewis na David Reiley walifanya jaribio kwa kushirikiana na Yahoo na mfanyabiashara mmoja mkubwa wa maduka huko Marekani. Waliwatumia wateja wake milioni 1.6. Wateja hao waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waonyeshwe matangazo yake, wengine wasionyeshwe. Walioonyeshwa walinunua zaidi kwa takribani asilimia 5. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipatikana ndani ya maduka, si kwenye intaneti, na zaidi ya robo tatu yake ilitoka kwa watu ambao hawakubonyeza tangazo hata mara moja. Waliona, wakanyamaza, wakaenda dukani kwa miguu yao. Kwa hiyo bango laweza kufanya kazi kimyakimya.

Lakini ipo hatari ya upande wa pili. Nendeni stendi ya mabasi ya Tarime mumtazame mpiga debe. Anapaza sauti, “Musoma! Musoma!” Abiria aliyekwisha kufunga mzigo wake tangu alfajiri kwenda Musoma anapanda basi, na mpiga debe anadai ujira wake kwa kondakta. Je, ni yeye aliyemleta abiria yule? Hiyo ndiyo hesabu ambayo wauzaji wengi wa matangazo hutuletea. Kampuni ya eBay ilijaribu mwaka 2012 kusimamisha tangazo la aina nyingine, lile linalotokea mtu anapotafuta jina la kampuni yenyewe kwenye intaneti. Karibu wageni wote waliokuwa wakipitia tangazo hilo walifika kwa njia ya kawaida, bila malipo. Nayo kampuni ya Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na bidhaa nyingine za nyumbani, ilipunguza matangazo yake ya intaneti kwa takribani dola milioni 200 mwaka 2017, ikaeleza kuwa mauzo hayakudhurika. Baadhi ya matangazo hayo yalikuwa yakionyeshwa kwa mashine, si kwa watu.

Kwa ufupi, ndugu zangu, bango hufanya kazi, lakini kazi yake ni ndogo kuliko wanavyodai wanaoliuza, na haionekani katika hesabu wanayotuonyesha. Njia ya kuijua ni moja tu: kulinganisha waliotangaziwa na wasiotangaziwa.

Mwenye mahema pale Ikoma hawezi kufanya jaribio la watu milioni, lakini kulinganisha anaweza. Atangaze mwezi mmoja, aache mwezi unaofuata, kisha arudie hivyo mara kadhaa. Kila mgeni aulizwe kwa adabu, “Mlitusikia wapi?” na jibu liandikwe daftarini siku ile ile. Tena asisahau majira. Nyumbu hufika kaskazini mwa Serengeti, kwenye Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba. Mtu akianza kutangaza mwezi Juni, na Julai wageni wakajaa, asilishukuru bango kabla ya kuwashukuru nyumbu.

Tukumbuke pia kwamba Serengeti ilijulikana duniani kabla intaneti haijakuwapo. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951. Filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959 ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na watu wa mbali wakalijua jina la nchi yetu. Watu hawakuiruka filamu ile kwa macho, maana ndiyo waliyokuwa wamekwenda kuitazama. Mwenye biashara ndogo na ajiulize: je, fedha ya mabango isingefaa zaidi kununulia magodoro mazuri, kumlipa mpishi hodari, na kupiga picha za kweli? Mgeni aliyeridhika atawasimulia wenzake, na hadithi yake hairukwi kama bango.

Sasa nawageukia ninyi wanafunzi. Nimesema kwamba bango hubonyezwa na mtu mmoja katika 1,000. Msicheke mkadhani ni jambo dogo. Kumwonyesha mtu bango ni gharama ndogo mno, hivyo mwenye kutangaza mchezo wa kubahatisha hahitaji wote 1,000. Huyo mmoja anamtosha, mradi arudi kila siku. Kwa mtangazaji, mmoja katika 1,000 ni hesabu tu. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe mnadani ili mtoto asome, huyo mmoja ni mwanawe, na fedha iliyowekwa kwenye mkeka ni ada ya shule. Sheria ya nchi yetu haimruhusu mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo, lakini bango halina macho ya kumwona aliyeshika simu ya baba yake.

Tena bango la intaneti si kama ubao uliosimikwa kando ya barabara ya Musoma kwenda Sirari. Ubao ule huwaambia wapita njia wote neno moja. Bango la simuni mara nyingi huchaguliwa kwa ajili yako, kufuatana na ulichosoma na ulichotafuta jana. Ndiyo maana Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini sheria peke yake haikulindi usipojilinda. Ukikutana na bango la ajira ya haraka, mkopo usio na dhamana au utajiri wa usiku mmoja, jiulize maswali matatu. Nani amelilipia? Kwa nini limeletwa kwangu? Na je, jana, kabla sijaliona, nilikuwa na haja ya kitu hiki?

Tulifundishwa katika madarasa haya kutokubali jibu mpaka tuone hesabu yake. Anayekuuzia nafasi ya tangazo, mdai hesabu. Anayekuuzia ndoto kwenye simu, mdai hesabu pia. Akishindwa kuionyesha, fedha yako ibaki mfukoni.