Maradhi na Ghala ya Mkulima
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Singida)



Sisi tulao mshahara, tukiugua mwezi mmoja, mshahara hutungoja. Mkulima wa Singida hana angojewalo: mvua yake ni msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo haimsubiri mgonjwa.

Wagogo, wakiwamo wa Manyoni, waliiita Mtunya njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi yalikwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, mvua ikakosekana, kisha homa ya mafua ya 1918 ikawakuta watu wenye ghala tupu.

Mwaka 2020 ilipokuja Korona, Serikali haikuwafungia watu majumbani, na jembe halikusimama. Lakini auzaye alizeti humtegemea mnunuzi atokaye mbali. Huyo akichelewa, mwenye deni hupokea bei yo yote apewayo.

Basi ndugu, yatupasa tufanye nini? Tusiwaandikie wazee wetu watuletee gunia la mtama. Tuwapelekee fedha ya vibarua wakati wa palizi, wapate kuweka akiba ya uwele na mtama kabla ya kuuza. Maradhi hayana hodi. Ghala yenye chakula ndiyo kinga ya kwanza.