Shauku na Kibao cha Kinyozi

Shauku ni mvuto wa kudumu unaomrudisha mtu kwenye shughuli anayoipenda, anayoiona ina maana, na anayoitolea muda na nguvu zake. Ndivyo mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Vallerand, na wenzake walivyoieleza mwaka 2003. Waliitofautisha shauku ambayo mtu anaimiliki na ile inayommiliki yeye. Isichanganywe na kipaji. Kipaji ni wepesi wa kutenda. Shauku humrudisha mtu kazini hata siku ambayo wepesi huo haupo.

Katika Riruta, Kawangware na Kibera, mitaa ya Nairobi nchini Kenya, swali la shauku huulizwa pamoja na swali la chakula cha jioni. Ndiyo maana vibao vinavyochorwa kwa mkono vinastahili kutazamwa kwa makini. Kinyozi anataka vichwa vyenye mitindo ya nywele, mwenye bucha anataka ng'ombe, mwenye hoteli anataka chapati na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Mchoraji huitwa kwa sababu duka linataka wateja. Hata hivyo kibarua hicho ni shule kamili: kunyoosha mistari kwa uzi na chaki, kupima herufi ili neno lisiishiwe na bati, kumchora ng'ombe hadi abiria wa matatu (basi dogo la abiria) amtambue kwa kutupa jicho dirishani tu.

Joseph Bertiers wa Dagoretti, aliyezaliwa mwaka 1963, alianza kwa vibao vya aina hiyo. Baadaye alijaza turubai zake umati wa walevi na wanasiasa, akachonga pia sanamu za vyuma chakavu. Kibera nako, mwaka 2001, Otieno Gomba na Otieno Kota waliasisi kikundi cha Maasai Mbili. Wote wawili walikuwa wachoraji wa vibao, na walitafuta kazi mitaani wakiwa wamevaa shuka za Kimaasai ingawa si Wamaasai, jina likabaki. Karakana yao imewalea wasanii wengine wa mtaa.

Mmoja wa wasanii wa kikundi hicho, Solo7, anaonyesha shauku hiyo waziwazi kuliko wote. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, aliandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati ya Kibera. Herufi zilikuwa zilezile za kibao, kubwa na za kusomeka kwa mbali. Safari hii hapakuwa na mteja aliyeziagiza. Kazi isiyoagizwa na mtu ndiyo alama ya kuaminika zaidi ya shauku.

Kwa hiyo usemi kwamba shauku imejificha ndani ya mtu ikingoja kugunduliwa una kasoro. Utafiti wa Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wanaoamini hivyo hupoteza hamu haraka jambo jipya linapokuwa gumu. Shauku hukuzwa, na mara nyingi shamba lake ni kazi ya kujikimu.

Kuisherehekea ni kuipa nafasi hadharani. Kanuni za matatu za mwaka 2004 zilizima michoro kwenye magari hayo, na wachoraji wakapoteza ukuta unaotembea. Mwaka 2014 serikali iliiruhusu tena. Mabango yanayochapishwa kwa kompyuta nayo yamechukua sehemu ya soko. Kibao cha mkono kingali na kitu ambacho mabango hayo hayana: pale kona ya chini, kwa herufi ndogo, mchoraji ameandika jina lake.