Mwenye Kuuliza Si Adui

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya chuo kikuu. Msiseme hayo ni mambo ya wasomi. Wanaosoma huko ni watoto wetu, na karo tunachanga kwa harambee.

Mwisho wa mwaka 1977, mwalimu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Alipotoka, kazi yake hakurudishiwa. Mwaka 1982 walimu wengine walifuata, mmoja wao Willy Mutunga. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, chuo kilifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka 10. Alifia gerezani mwaka 1988.

Je, hasara ilikuwa ya nani? Ilikuwa yetu. Walimu walikimbilia nchi za nje, na waliobaki walichunga midomo hata darasani. Na yule Mutunga aliyeitwa hatari, mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya!

Lakini tusilaumu serikali peke yake. Wanafunzi nao humzomea msemaji wasiyempenda, na uchaguzi wao mara nyingine huishia kwa mawe. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kusema. Hairuhusu uchochezi wa fujo wala matamshi ya chuki. Basi, kumpinga mwenyekiti ni chuki? Hapana.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Mama anasimama mkutanoni anauliza, "Zile pesa za tangi zilifika wapi?" Anajibiwa, "Keti! Wewe unaleta fitina." Kesho sokoni hasalimiwi. Mkutano ujao hakuna anayeuliza tena, na kikundi kinakufa polepole huku wote wakipiga makofi.

Mtoto aliyeyaona hayo nyumbani ataenda nayo chuoni.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Ni nani kwetu haongei mkutanoni? Anaogopa nini?
2. Aliyepinga uamuzi wetu mara ya mwisho tulimfanyia nini?
3. Tuweke sheria gani ili kila swali la pesa lijibiwe kwa vitabu, si kwa matusi?