Wanyama wasio na kiingilio



Mtu wa mjini akiambiwa twende tukatazame wanyama, mawazo yake hukimbilia Serengeti au Mikumi. Huanza kuhesabu nauli, kiingilio na gari la kukodi, mwishowe hukata tamaa. Leo nataka tuzungumze juu ya wanyama walio karibu nasi.

Mimi niendapo Mkunya, wilayani Newala, hutoka usiku na tochi na mwenzangu mmoja. Tunamulika mikorosho na miembe polepole, bila kupiga kelele. Haupiti muda mrefu, vinang'aa vinukta viwili vyekundu kama makaa, kisha vinaruka tawi hadi tawi. Huyo ni komba. Komba mkubwa hulia kama mtoto mchanga. Wale wadogo kila aina ina mlio wake, ndiyo maana wataalamu huwatambua kwa masikio kabla ya macho.

Asubuhi ni zamu ya kusoma mchanga. Hapa kapita paa, pale nungunungu kaangusha mwiba. Kichakani, katikati ya majani makavu, utaona vinjia vyembamba vilivyosafishwa. Hivyo ni vya sange, mwenye pua ndefu, ambaye akishtuka hupigapiga mguu chini. Wengi wetu humwita panya. Lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sange ni jamaa wa tembo na pimbi, wala hana undugu wa karibu na panya.

Tena kusini kuna hazina nyingine. Uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, umempa jina komba mdogo kuliko wote, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimtambua rasmi miaka ya 1990. Kuanzia 2006 ametajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani na komba walio hatarini zaidi duniani.

Nawe wa Dar es Salaam usiseme Rondo ni mbali. Komba huyu amepatikana pia katika misitu ya Pugu na Pande, jirani kabisa na jiji. Na msitu kama wa Pugu umekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa, mkaa huo huo tunaopikia wali nyumbani.

Wenzetu wa Scotland walikwisha kuona mwisho wa njia hii. Mbwa mwitu wao walimalizwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Biva, mnyama wa mtoni atafunaye miti, aliwindwa hadi akaisha, ikabidi mwaka 2009 waletwe wengine kutoka Norway. Leo watu wao husafiri mbali ili wamwone kindi tu, na wakimwona hufurahi.

Sisi bado tunao. Basi ukienda kijijini, waulize wazee majina ya wanyama hawa na milio yao, nao watoto wayaandike. Ukiwa mjini, omba ruhusa kwa maofisa wa misitu, uende na wanao. Na kabla ya kununua gunia la mkaa, uliza limetoka msitu gani. Mnyama tusiyemjua jina hatutajua siku atakapotoweka.